Wakala Mmoja Kati ya Wengi



Hapa Guangzhou wengi wetu tunafanya uwakala, kila mtu peke yake. Maduka ya mikoba ya Sanyuanli ni yaleyale kwa wote, na mizigo yote inakwenda bandari ileile ya Dar es Salaam. Tukishindana kwa kupunguza kamisheni tu, tutakonda wote.

Mimi ni muuguzi. Nilipokuwa nasomea digrii ugenini nilifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Kanuni hiyo inawafaa pia mawakala. Kagua mzigo kabla haujafungwa. Hesabu, piga picha, andika tarehe, mtumie mteja siku hiyohiyo. Ukikuta kasoro, mwambie kabla hajalipa salio. Mama wa Kariakoo ametuma mtaji wake wote kwa mtu asiyemwona. Anataka alale usingizi.

Pili, chagua bidhaa moja uijue kuliko wenzako. Anayeagiza vifaa vya hospitali ajue masharti ya TMDA, asome tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye boksi la glavu, na akatae mzigo usiofaa hata ukiwa rahisi. Glavu ikichanika mkononi mwa muuguzi kule Dodoma, punguzo la bei halimsaidii.

Watoto wetu, mnaongea Kichina na Kiswahili. Huo ni mtaji ambao sisi hatukuanza nao. Utumieni kusema kweli kwa pande zote mbili, na wateja watarudi kwenu.