Moshi Haujui Mlango wa Nani

(Mazungumzo ya kamati ya afya kwa wapangaji, baada ya ibada ya Jumapili)

Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalo nyumbani lakini tunalinong'ona tu: moshi wa sigara ya jirani.

Si mnajua tunavyoishi. Huko Pipeline, Huruma, Umoja na kwingineko Nairobi, nyumba za ghorofa zimebanana. Korido ni moja, ngazi ni moja, na dirisha lako linatazama dirisha la mwenzako. Mtu akiwasha sigara orofa ya pili, wa orofa ya tatu anakohoa. Moshi hupita chini ya mlango, hupanda na ngazi, huingia kwa matundu ya hewa. Haubishi hodi.

Tena si harufu tu. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila mwaka zaidi ya watu milioni 1 ambao hawavuti hufa kwa sababu ya moshi wa wengine. Watoto ndio huumia zaidi. Mapafu yao ni madogo na wanapumua haraka kuliko sisi. Moshi huo huwaletea nimonia na maradhi ya masikio, na mwenye pumu hubanwa zaidi.

Sasa turuhusuni tukiri kosa letu. Katika ploti moja tunayoijua, kwa sababu baadhi yetu tunakaa humo, kulikuwa na mtoto wa miaka minne mwenye pumu. Usiku mama yake alikuwa akimkalisha kitandani amwegemee, maana akilala hapati pumzi. Na kila usiku moshi uliingia kutoka korido. Tulikasirika. Jioni moja tukaenda kundi zima, tukagonga mlango wa yule baba anayevuta, tukasema maneno mengi. Ulimi hauna mfupa. Yule baba akatusikiliza, akafunga mlango. Kesho yake akavuta kama kawaida, na salamu zikakatika.

Baada ya wiki tatu tukamtuma mzee mmoja tu, mtu wa heshima, aende peke yake. Alimkuta yule baba akiwa mpole. Akamwambia, "Mzee, mimi hutoka kwa korido kwa sababu nina mtoto mchanga ndani. Sitaki avute moshi wangu." Kumbe! Huyu mtu tuliyemwita hana utu, alikuwa anamlinda mtoto wake. Hakujua tu kwamba anapomwondolea wake moshi, anaupeleka kwa mtoto wa mwenzake. Na sisi hatukuwa tumemwambia habari za yule mtoto mwenye pumu. Tulimwambia tu kwamba yeye ni mtu mbaya.

Wakakubaliana avutie juu ya paa, penye kamba za nguo, mbali na madirisha na watoto. Mwenye nyumba akakubali ufunguo wa paa ukae kwa msimamizi mpaka usiku. Tukaweka mkebe wenye mchanga wa kuzimia vipisi. Hatusemi mambo yote yamekwisha. Siku za mvua kubwa bado anavutia kwenye ngazi, na mzee hurudi kumkumbusha. Lakini usiku mwingi yule mtoto analala.

Kwa hivyo tunawashauri hivi. Kwanza, chunguza moshi unapitia wapi. Ziba pengo chini ya mlango kwa kitambaa, lakini usizibe matundu yote ya hewa, hasa ukipika ndani. Kuziba kunapunguza moshi tu, hakuumalizi. Pili, zungumza na jirani akiwa ametulia, mchana, na asiende mtu zaidi ya mmoja au wawili. Eleza shida yenyewe: ni nani anaumwa, saa ngapi, moshi unaingilia wapi. Tatu, mpe mahali pa kwenda. Kumwambia mtu "usivutie hapa" bila kumwonyesha pa kuvutia ni kumfukuza tu. Nne, akikataa, mwendeeni mwenye nyumba pamoja, muombe liwe sharti la ploti nzima.

Sheria ipo pia. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma, na inataja hata nyumba za makazi wanamotunzwa watoto. Anayevunja katazo hilo anaweza kutozwa faini hadi shilingi 50,000, au kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ni vizuri tuzijue haki hizi. Lakini tusianze na polisi. Baba akifungwa leo, kesho mkewe ataomba unga mlango wa nani? Si ni wetu?

Tukumbuke vilevile kwamba sigara hushika mtu. Wengi wanaovuta wamejaribu kuacha wakashindwa. Anayetaka kusaidiwa aende kituo cha afya, au apige simu ya bure ya NACADA, nambari 1192. Tusimcheke akirudia.

La mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Ni nani kati yetu huwasha jiko la makaa kwenye korido hiyo hiyo? Moshi wa jiko nao ni moshi, na makaa yakiwaka ndani usiku milango ikiwa imefungwa, yanaua. Siku tulipomwendea yule baba kwa kelele, majiko yetu mawili yalikuwa yanafuka pale mlangoni pake, na mtoto wake mchanga yumo ndani. Yeye hakutuambia kitu.

Tukirudi nyumbani leo, tuanze na jiko, kisha twende kwa jirani.