Mkutano wa Kijiji na Hesabu za Shule



Naanza na Uganda, kwa sababu huko suala la fedha za shule kutofika shuleni lilipimwa. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya shule za msingi ya miaka ya 1991 hadi 1995, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ilifika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata senti. Serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha iliyotuma kwa kila wilaya, na shule nazo zikatakiwa kubandika ukutani zilichopokea. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Yapo mageuzi mengine yaliyofanyika wakati uleule, kwa hiyo sifa zote haziendi kwa magazeti. Hata hivyo, mzazi aliyejua kiasi kilichotumwa alikuwa na cha kuuliza.

Hapa Tanzania, tangu 2016, ruzuku ya uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 za shule, 4,000 za vitabu zikibaki serikalini. Shule ya watoto 600 inatarajiwa kupokea 300,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani na ukarabati mdogo. Mwalimu mkuu akibandika hesabu hiyo hadharani anajikinga mwenyewe, maana pengine wazazi watagundua kwamba fedha ilipungua kabla ya kufika shuleni, na wa kuulizwa si yeye.

Kwa nini basi wazazi hunyamaza? Tumezoea kusema hawana mwamko. Tunawaonea. Wanahofia yatakayompata mtoto. Mzazi akisimama peke yake kuuliza, kesho yake mwanawe hupachikwa jina darasani, na hakuna mzazi mwenye akili atakayemtoa mwanawe kafara ili aione stakabadhi ya mabati ya shule. Kwa hiyo swali lazima liwe la mkutano.

Nafasi ipo kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukaa angalau kila miezi mitatu, na hesabu za shule zinaweza kuwekwa kwenye ajenda zake. Ofisi ya umma ikiandikiwa barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ina siku 30 za kujibu. Barua iende kwa jina la kijiji, isitaje mzazi yeyote.

Kikwazo kimoja hatukisemi vya kutosha. Katibu wa kamati ya shule ni mwalimu mkuu, kwa wadhifa wake. Anayeulizwa ndiye anayeandika alichoulizwa na alichojibu! Hata akiwa mwaminifu kabisa, mpangilio huu unamweka pabaya, na muhtasari wake hauwezi kuaminiwa na watu waliokwisha kuwa na shaka. Sipendekezi aondolewe ukatibu. Napendekeza mjumbe mmoja mzazi aandike kumbukumbu zake sambamba, mihtasari yote miwili isomwe mkutano unaofuata, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji.

Naomba vikundi vya mchana vijadili nani atafaa kuandika kumbukumbu hizo katika kila kijiji kilichowakilishwa hapa, na kama ajenda ya ruzuku inaweza kuingia kwenye mkutano mkuu ujao.