Samaki wa Mto Kafue: Hatari Iliyozama Matopeni

Ndugu wasikilizaji, na hususan ndugu wapiganaji wa Jeshi na askari wa Polisi mlioko makambini, vituoni na mipakani, mazungumzo yetu ya leo yanahusu nchi jirani na rafiki ya Zambia, na jambo ambalo halina mlio wa bunduki wala moshi wa baruti, lakini ambalo linaweza kuwadhuru watu wengi kuliko mapigano ya siku moja.

Tarehe 18 Februari 2025, katika Mkoa wa Copperbelt, ukuta wa bwawa la topesumu la mgodi wa shaba wa Sino-Metals Leach Zambia uliporomoka karibu na mji wa Chambishi. Majimaji makali yenye tindikali na mabaki ya madini yalimiminika katika vijito vya Chambishi na Mwambashi, na kutoka humo yakaingia katika Mto Kafue. Taasisi ya Wahandisi ya Zambia ilikadiria kwamba lita zipatazo milioni 50 ndizo zilizotoroka. Katika mji wa Kitwe, wenye wakazi wapatao 700,000, maji ya bomba yalifungwa. Mazao ya wakulima wa kandokando yaliungua, na samaki walielea juu ya maji wakiwa wamekufa. Dalili za uchafuzi huo zilionekana umbali wa kilomita 100 kufuata mkondo.

Serikali ya Zambia haikukaa kimya. Iliita Jeshi lake la Anga, na ndege zikamwaga mamia ya tani za chokaa mtoni, huku boti za mwendo kasi zikifanya kazi hiyo hiyo majini. Wapiganaji wanaotusikiliza watatambua mara moja uzito wa operesheni ya namna hiyo, na hapana budi kuipongeza. Chokaa huvunja ukali wa tindikali, na pasipo chokaa hiyo maangamizi yangekuwa makubwa zaidi. Baadaye serikali ikatangaza kwamba ukali wa maji umerudi katika hali ya kawaida na kwamba madini mazito yanapungua.

Ni hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo inapofaa tutulie na kuuliza: madini hayo yalipungua yakaenda wapi?

Tindikali inaweza kuvunjwa nguvu, lakini shaba, risasi, kadimi na aseniki haziozi, haziungui wala haziyeyuki zikatoweka. Chokaa inapoingia katika maji makali, sehemu kubwa ya madini yaliyokuwa yameyeyuka huganda kuwa chembechembe na kuzama. Maji ya juu huwa safi, nayo matope ya chini huwa ghala. Masika yakija, mafuriko huyavuruga matope hayo na kuyasukuma mbele. Na tindikali ikiingia tena, baadhi ya madini hayo huyeyuka upya. Kwa hiyo mtu anayepima maji ya juu peke yake na kusema mto umepona, anafanya kama kamanda anayehesabu maadui waliokimbia na kusahau kuuliza walikokimbilia.

Na katika matope hayo ndimo chakula cha samaki kilimo. Perege huparuza mawe na kula ukungu wa majani. Kambale hulala topeni na kula kila anachokikuta. Samaki aliyeuawa na shaba, ambayo huunguza mashavu yake hadi akashindwa kupumua, watu humwona na wengi humwogopa. Aliye hatari zaidi ni yule aliyesalia hai, mwenye macho maangavu na nyama ngumu, anayevuliwa miezi sita baadaye na kupangwa sokoni. Hana harufu wala rangi ya kumshitaki.

Inafaa kueleza kwa usahihi, maana jambo hili huzungumzwa kwa kelele nyingi na elimu ndogo. Madini haya hayana tabia moja. Risasi na kadimi hukaa zaidi katika ini, figo, mifupa na mashavu ya samaki, kuliko katika minofu. Kwa hiyo kumtoa matumbo na kutupa kichwa hupunguza madhara, ingawa hakuyamalizi. Lakini dagaa huliwa mzima mzima, na hapo hakuna cha kutupa. Zebaki ni mkaidi zaidi. Vijidudu vya matopeni huigeuza, nayo hujishikiza katika minofu yenyewe, kisha huongezeka kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo. Kupika, kukaanga wala kubanika hakuiondoi. Aidha, samaki akikaushwa maji hutoka na madini hubaki, hata kilo moja ya samaki mkavu ikawa na madini mengi kuliko kilo moja ya samaki mbichi kutoka mto uleule.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, iliyo chini ya FAO na WHO, imeweka kwamba risasi katika samaki isizidi miligramu 0.3 kwa kilo. Gramu moja tu ya risasi, madini yaleyale ambayo jina lake tumelipa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, ikigawanywa sawasawa, inatosha kuzifikisha tani tatu na ushei za samaki kwenye mpaka wa hatari. Risasi hii ya pili haiui papo hapo. Hudumaza akili ya mtoto anayekua. Kadimi huharibu figo polepole, na zebaki hushambulia neva na mimba iliyo tumboni. Ndiyo maana askari mwenye afya anaweza kula samaki wa namna hiyo bila kuhisi lolote, ilhali mkewe mjamzito na watoto wake, waliokula chungu kimoja naye, ndio wanaoumia.

Wajapani walilijua hili kwa gharama kubwa. Ugonjwa wa zebaki uligunduliwa rasmi huko Minamata mwaka 1956, kwa watu waliokula samaki wa ghuba ya bahari. Ilidhaniwa kuwa ni msiba wa mahali pamoja. Mwaka 1965 ugonjwa uleule ukatokea Niigata, safari hii kwa watu waliokula samaki wa mtoni, wa Mto Agano, ambamo kiwanda kingine kilikuwa kikimwaga taka zake. Miaka tisa ilikuwa imepita, na onyo lilikuwepo.

Turudi Zambia. Mnamo Agosti 2025 ubalozi wa Marekani uliwaagiza wafanyakazi wake waondoke katika maeneo ya Kitwe na Chambishi, ukitaja hatari ya uchafuzi huo. Serikali ya Zambia ilijibu kwamba hapakuwa na sababu ya kuzua hofu. Kampuni ya Drizit ya Afrika Kusini, iliyokodiwa na mgodi wenyewe kufanya tathmini, ilisema taka zilizotoka zilikuwa tani milioni 1.5, kiasi kinachozidi mbali sana makadirio ya kwanza. Mgodi ukavunja mkataba nayo na kuyapinga matokeo yake. Hatuko hapa kuamua nani mkweli. Lakini mvuvi wa Kafue, anayesikia balozi akisema kimbia na msemaji akisema tulia, anahitaji kitu kimoja: apewe takwimu za samaki wake, wa kijiji chake, zilizopimwa na mtu asiyelipwa na mgodi.

Wako watakaosema kosa ni la Wachina. Hayo ni maneno mepesi. Mto Kafue umebeba taka za migodi tangu enzi za makampuni ya kikoloni, na Novemba 2006 ulichafuliwa vibaya karibu na Chingola na mgodi wa Konkola, ambao wenye hisa nyingi walikuwa kampuni ya Vedanta yenye makao London. Wanavijiji walihangaika hadi Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ilipoamua, Aprili 2019, kwamba wanaweza kuishitaki kampuni hiyo huko huko Uingereza. Suluhu ikapatikana Januari 2021. Watoto waliokuwa wachanga wakati mto ulipochafuliwa walikuwa tayari na miaka 14.

Nasi tusijitoe. Shaba hiyo husafirishwa kwa reli ya TAZARA na kwa malori yapitayo Tunduma mbele ya macho ya askari wetu, na salfa ya kutengenezea tindikali hupitia bandari ya Dar es Salaam kwenda huko. Katika machimbo yetu madogo ya dhahabu zebaki hushikwa kwa mikono mitupu na kuchomwa hewani, na mvua huisukuma mitoni. Mwenye nyumba ya makuti asimcheke jirani anayeunguliwa.

Kuhusu hofu, iwekwe mahali pake. Mto Kafue hauingii katika Ziwa Tanganyika. Unateremka kusini, unaungana na Zambezi karibu na Chirundu, chini ya bwawa la Kariba, kisha maji yake yanaingia katika bwawa la Cahora Bassa na kuishia baharini huko Msumbiji. Kwa hiyo askari wa Tunduma au Kasesya asimnyang'anye mama mzigo wake wa dagaa wa Tanganyika kwa sababu amesikia habari za Kafue. Auliize mzigo ulikotoka, na kwa samaki mwenye shaka amwite mkaguzi.

Tanzania ni mwanachama wa Kamisheni ya Bonde la Zambezi, pamoja na Zambia, Msumbiji na nchi nyingine tano, kwa kuwa Ziwa Nyasa nalo humwaga maji yake huko. Katika kikao cha kamisheni hiyo tunayo haki ya kuomba hesabu: samaki wavuliwe katika vituo vilevile, kabla ya masika na baada yake, mwaka hadi mwaka, ini na minofu vipimwe mbalimbali, matope yapimwe pamoja nao, na majibu yabandikwe katika masoko ya samaki ya Kitwe, Mpongwe na Kafue, kwa lugha wanayoisoma wanunuzi.