Roho, Nafsi na Mwili: Maneno kwa Waalimu katika Sikukuu ya Yubile



Katika sikukuu hii twamshukuru Mungu kwa ajili ya wote waliotutangulia kufundisha Neno lake, waliokwenda kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Leo yako mafundisho yapitayo njia nyingine: mwalimu hukaa mahali pamoja, na maneno yake hufika kwa simu na intaneti mahali asipopajua. Hatuyadharau. Lakini yatupasa kuuliza: katika mafundisho ya namna hiyo, ni nini ndani ya mtu kifikiwacho, na ni nini kisahauliwacho?

Na tutazame Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, maana huo nao ni mafundisho ya mbali. Paulo alikuwa ametengwa na watu wale. Aliwatamani sana, asipate njia. Basi aliwaandikia, akaagiza kwamba waraka usomwe mbele ya ndugu wote (5:27). Na karibu na agizo hilo yamo maombi yake kwamba roho, nafsi na miili yao ihifadhiwe hata kuja kwake Bwana (5:23).

Maneno hayo yataka uangalifu. Nafsi na roho, lugha yetu imeyapokea kutoka Kiarabu. Twasema "nafsi yangu" tukitaka kusema mimi mwenyewe, na "kukata roho" tukitaka kusema kufa. Katika Mwanzo 2:7, kitabu ambacho Krapf alianza kukitafsiri huko Mombasa mwaka 1844, Mungu amfanya mtu kwa mavumbi, ampulizia pumzi, naye mtu awa nafsi hai. Haikunenwa kwamba alipewa nafsi kama mzigo uliotiwa ndani ya mwili. Mtu mzima ndiye nafsi hai. Tena katika wimbo wa Mariamu (Luka 1:46-47) Kigiriki kina nafsi na roho, lakini Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imeweka moyo na roho, kwa kuwa kwetu sisi moyo ndio kiti cha furaha na huzuni. Basi mwalimu asimpasue mtu kama apasuaye ubao. Maneno ni matatu, lakini mtu ni mmoja.

Kanisa lilikwisha kuiona hatari ya kupasua hivyo. Katika karne ya 4 Apollinaris wa Laodikia alifundisha kwamba ndani ya Kristo, Neno wa Mungu alishika mahali pa akili ya kibinadamu. Baraza Kuu lililokutana Konstantinopoli mwaka 381 likayakataa mafundisho hayo. Mababa waliona ya kuwa Bwana asipotwaa ubinadamu wote, hauponi wote.

Wala neno hili si la wataalamu peke yao. Mwalimu akifundisha kwamba mwili si kitu, mgonjwa ataachwa peke yake, na mwenye njaa atapewa maneno matupu, jambo ambalo Yakobo alilikemea (2:15-16). Na akiutunza mwili tu, hataisikia huzuni ya mjane ambaye chakula anacho, lakini faraja hana.

Paulo naye hakutosheka na wino. Kabla ya kuandika, alipokuwa Athene, alikubali kuachwa peke yake, akamtuma Timotheo awathibitishe ndugu wale (3:1-2). Hapo ndipo penye wajibu wetu: kila somo liendalo mbali na liwe na Timotheo wake. Akiwapo katika mtaa wenu mtu ajifunzaye kwa simu, mtafuteni. Jueni nyumba yake, na watu wa nyumbani mwake; akiugua, mmoja wenu aende. Sauti ya mwalimu yaweza kuvuka bahari, lakini haimshiki mgonjwa mkono, haimbatizi mtoto, wala haibebi jeneza kwenda makaburini. Kazi hizo zataka mwili wa ndugu uwe karibu.

Waliotutangulia walikuja kwa miguu yao, na wengi wao wamezikwa katika nchi walikohubiri. Na sisi tukifundisha kwa njia yo yote, tusipeleke maneno tu na kubaki nyuma sisi wenyewe. Mungu wa amani atutakase kabisa, atulinde wazima, hata siku ile atakapotuita. Amina.