Nyangumi Wanapita Kwetu, Watoto Wetu Hawajawaona



Sisi wa kamati ya fedha tukisimama tu, mikono huenda mifukoni kabla hatujasema neno. Mwaka huu tunawaomba pesa kwa jambo ambalo baadhi yenu mlilicheka lilipotajwa kikaoni: kuwapeleka watoto wetu na wazazi wao baharini wakawaone nyangumi.

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wakubwa wenye mapezi marefu kama mbawa hupita kusini mwa Unguja. Wanatoka kwenye bahari za baridi karibu na ncha ya kusini ya dunia, ambako ndiko kwenye chakula chao, wanakuja kuzaa na kulea kwenye maji yetu ya joto. Mkubwa wao hufika mita 15. Mtoto huzaliwa na mita kama 4, sawa na ngalawa ndogo, na mama humnyonyesha huku akiishi kwa mafuta ya mwili wake. Dume huimba, na anayepiga mbizi huweza kumsikia. Wavuvi wetu hayo wanayajua bila ya kusoma. Huuona mvuke ukipanda, wakageuza tanga wakaendelea na kazi zao. Kule Watamu, Kenya, msimu huu huu boti hutoka makusudi kuwatazama.

Sasa tujiulize watoto wetu waliozaliwa Mji Mkongwe na Ng'ambo wanaijua bahari gani. Wanaijua Forodhani, ambako wavulana hujirusha ukutani jioni na sisi wengine tunakula urojo. Sikukuu wanazijua bembea za Mnazi Mmoja. Mara moja kwa mwaka familia hukodi gari ikaenda Mangapwani au Jambiani, akina mama wanakaa kivulini na sufuria ya pilau, watoto wanaingia maji ya magoti, na kila dakika mbili mtu anapiga kelele, "Rudi! Rudi!" Kelele zile zina haki yake, maana wengi wetu hatujui kuogelea, wasichana hasa. Watu wa visiwa ambao bahari yao inaishia magotini! Na baada ya Spice Islander, Septemba 2011, na Skagit, Julai 2012, hakuna nyumba hapa inayohitaji kuelezwa bahari inaweza kuchukua nini.

Mzee mmoja alituuliza, kwa haki kabisa: paa la chuo linavuja, nyinyi mnazungumzia nyangumi? Mzee wetu, fungu la paa lipo mbali na hili, halitaguswa hata senti. Lakini tunaomba mtazame chakula cha Kizimkazi kinatoka wapi. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo walikuwa wakiuliwa kwa chusa, nyama yao ikawa chambo cha papa. Wageni walipoanza kuja kuwatazama, pomboo hai akawa na thamani kuliko chambo, na mwaka 1997 ikaanzishwa Hifadhi ya Ghuba ya Menai. Leo manahodha, wapishi, wenye kukodisha miwani ya kupigia mbizi, wote wanaishi kwa mnyama yule.

Na mnyama yule anachoshwa. Utafiti wa kusini mwa Unguja uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti zikiwepo, pomboo hupumzika kidogo na kusafiri zaidi. Hatuwalaumu manahodha peke yao. Mgeni amelipa, anataka aone. Boti moja ikikimbilia, ya pili haiwezi kubaki nyuma. Tukiyafanya hayo hayo kwa nyangumi mwenye mtoto, tutakuwa tumeyabomoa wenyewe maduka yetu. Tunataka watoto wa mjini na wa kijijini wakae boti moja, wamwone nahodha akipunguza mwendo mapema, akisimama mbali, asimkatie mnyama njia wala kuingia kati ya mama na mtoto. Katika watoto hao wamo manahodha wa kesho, na wamo watakaowalipa manahodha.

Msimu wa nyangumi ndio msimu wa kusi, na bahari ya nje huwa si ya mchezo. Kwa hiyo boti zitatoka asubuhi mapema kabla upepo haujakaza, na nahodha akisema leo hapana, ni hapana, hata kama gari zimeshalipiwa. Fungu kubwa la pesa tunazoomba ni la jaketi za kuokolea za ukubwa wa watoto. Jaketi la mtu mzima ukimvisha mtoto wa miaka sita, akianguka majini hupanda juu peke yake, mtoto akachomoka chini. Jaketi hizo zitakuwa mali ya jumuiya, zitahesabiwa kila msimu, na skuli itaziazima bila malipo kwa mafunzo ya kuogelea kwenye maji ya kina kifupi, wasichana kwa wakati wao na walimu wao wa kike.

Kinachobaki ni mafuta ya boti, gari za kutoka mjini na chakula. Wakirudi pwani watoto watapelekwa Dimbani kuuona msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, kisha watakula pamoja. Samaki tumeahidiwa na wavuvi. Mchele hatujaahidiwa na mtu, na tunawatazama wenye maduka ya Darajani.

Karatasi za ahadi ziko meza ya mlangoni. Andika jina, kiasi na mwezi utakaolipa, kisha udai risiti. Asiyepewa risiti asiondoke. Anayeweza kununua jaketi moja zima na aandike "jaketi". Ahadi tunazipokea hadi mwisho wa Mei, ili jaketi ziwe zimefika kabla ya Julai.