Hatari ya Ushuhuda wa Nusu

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)

Wiki hii nataka kuwasimulieni habari za mgongo wangu. Mkiona nazungumzia mno maradhi yangu, nivumilieni kidogo, kwani habari yenyewe haiishii kwangu. Inaishia kwa jirani yangu, na hapo ndipo penye deni ninalotaka kulikiri mbele yenu leo.

Mwaka 2016 nilikuwa na umri wa miaka 51, karani katika ofisi moja ya Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kukaa. Asubuhi nakaa ndani ya daladala kutoka Mbagala, mchana kutwa nakaa juu ya kiti, jioni daladala tena, na nikifika nyumbani nakaa sebuleni. Chakula nacho kilifuata mwendo huo huo. Asubuhi chai ya vijiko vinne vya sukari na chapati mbili, mchana chipsi mayai nilizozitia chumvi hata kabla ya kuzionja, usiku ugali wa sembe na nyama. Mchicha niliuona ni chakula cha wagonjwa.

Siku moja niliinama bafuni kuokota ndala, nikashindwa kuinuka. Watoto walinibeba kama gunia. Hospitalini daktari aliukagua mgongo, kisha akanipima presha. Akapima mara ya pili, na ya tatu. Akaniambia, "Mzee, mgongo huu utatulia. Ninachokiogopa ni hiki." Presha ilikuwa 178 kwa 108, na mimi sikuwa nimesikia dalili yoyote. Nikarudi nyumbani na aina mbili za vidonge vya presha, karatasi ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na maneno mengi juu ya chumvi.

Nikafanya wanavyofanya wengi. Karatasi niliiweka kabatini, nikalala kitandani wiki mbili, nikanunua mkanda wa kufunga kiunoni. Mgongo ukazidi kukakamaa. Hapo shangazi yangu akanipeleka Ilala kwa mama mmoja mkandaji, mzaliwa wa Pemba, mtu mzima wa makamo ya bibi yangu. Nilimwamkia, akaniitikia, akanilaza juu ya mkeka. Kabla hajagusa mafuta ya nazi aliniuliza maswali: Je, miguu inakufa ganzi? Haja ndogo unaizuia? Una homa? Unakonda? Umemwona daktari? Kisha akaniuliza dawa ninazotumia. Nilipotaja presha alisema, "Mwanangu, mimi nakanda nyama na mishipa. Presha ina wenyewe, wako hospitali. Vidonge vyako usiache."

Siku ile ile aliingia kijana mwenye ndama ya mguu mmoja iliyovimba, yenye joto na maumivu. Alikataa kabisa kuushika. Akamwambia huo si mguu wa kukandwa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Baadaye daktari alinieleza sababu: mguu wa namna ile unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ukiukanda bonge hilo laweza kung'oka likaenda kwenye mapafu. Tangu hapo nilimheshimu mama yule kama ninavyomheshimu daktari, kwa kuwa alijua mikono yake inaishia wapi.

Alinikanda mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi miwili. Sikupona kwa siku moja kama wanavyotangaza wengine. Nilichopata ni maumivu kupungua kwa siku moja au mbili, na katika siku hizo nikaweza kutembea. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifukuza niende kwa yule mtaalamu wa mazoezi. Kule nikafundishwa kunyoosha kiuno, kukaza misuli ya tumbo, kuinuka kitini kila nusu saa, na kushuka daladala kituo kimoja kabla ya changu. Mkanda wangu wa kiunoni nao nikaambiwa niuweke kando.

Msidhani hayo ni maneno ya mtaani tu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, maradhi yaliyowapata watu wapatao milioni 619 duniani mwaka 2020. Mwongozo huo umekubali mazoezi, elimu kwa mgonjwa, na tiba za mikono ikiwamo kukandwa. Mikanda ya kiunoni haikupendekezwa. Kwa hiyo bibi zetu hawakukosea, ila mikono hulegeza na mazoezi ndiyo yanayoshikiza.

Sasa tuje jikoni. Mke wangu alisema hatapika vyungu viwili, cha mgonjwa na cha wazima. Tutakula sote sawa. Sembe ikaondoka, dona ikaingia, tena kwa kipimo. Mchicha, matembele na kisamvu kila siku, maharage, dagaa, papai au ndizi badala ya andazi. Chai nikashuka kutoka vijiko vinne hadi kimoja, taratibu, kwani bandu bandu huisha gogo. Chumvi ndiyo iliyonitesa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, na hizo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kumbukeni kwamba mkate una chumvi, vile vidonge vya mchuzi ni chumvi, na ng'onda ndiyo usiseme.

Wamarekani waliwahi kulipima jambo hili kwa makini, wakatangaza matokeo mwaka 1997. Watu walilishwa kwa wiki nane mboga nyingi, matunda na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Wale wenye presha ya juu walishuka wastani wa pointi 11 kwa namba ya juu, wakilinganishwa na waliokula chakula cha kawaida cha Kimarekani. Si jambo dogo. Lakini aliye na 178 akishuka 11 anabaki na 167, na hiyo bado ni presha ya hatari. Piga hesabu hiyo kabla hujatupa vidonge. Na mwenye maradhi ya figo amwulize daktari kwanza, maana hata ndizi na mboga huweza kumletea matatizo.

Mimi nilipima kila wiki na kuandika katika daftari la shule. Baada ya miezi saba, kilo zangu zilikuwa zimeshuka kutoka 94 hadi 81, na presha ikawa inacheza kwenye 134 kwa 84. Daktari alikagua daftari lote, akaniondolea aina moja ya vidonge, akaniacha na nyingine, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili tuone.

Hapa ndipo nilipokosea, ndugu zangu. Furaha ilinizidi. Nikawa msemaji wa mtaa. Kwenye kahawa, kwenye misiba, kwenye kituo cha daladala, nilisema, "Mimi nimepunguza dawa kwa mchicha na kukandwa!" Watu walinishika kitambi kilichokwisha na kunipongeza. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu. Sikusema habari za daftari, wala kwamba aliyepunguza dawa ni daktari, wala kwamba hadi siku ile nilikuwa nameza kidonge kila asubuhi.

Jirani yangu, fundi seremala, mtu wa nguvu, naye alikuwa na presha. Aliyasikia maneno yangu, akayaamini kwa kuwa ananijua. Akaanza kula mboga, akapungua, akajisikia mwepesi. Vidonge vyake akavitupa vyote kwa siku moja, bila kupima. Hakuniambia, nami sikumwuliza.

Mwaka 2018, usiku mmoja, mkewe alinigongea mlango. Mume uso umepinda upande, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayatoki. Wengine walisema ni upepo mbaya, akandwe mafuta ya habasoda. Ukapotea muda wa kumtafuta kwa simu yule mama wa Ilala. Alijibu kwa sauti kali, "Msimguse! Huyo ni wa hospitali, sasa hivi!" Tulimpeleka. Alipona kifo, lakini mkono ule ulioshika randa haujairudia kazi mpaka leo. Mama yule na mtaalamu wa mazoezi walimsaidia miezi mingi, akaweza kutembea kwa fimbo. Mwanawe wa kwanza aliacha shule akashika karakana.

Nilipokwenda kumwomba radhi alinishika kwa mkono wa kushoto. Akasema, kwa taabu, "Kaka, hukuniambia uongo." Ni kweli, sikusema uongo. Ndiyo maana jambo hili linaniuma zaidi.

Basi, ndugu wasikilizaji, siwaambii muache mchicha wala muwakimbie wakandaji. Mimi natembea leo kwa sababu yao. Ninachowaomba ni hiki: mkiponea kitu, semeni habari yote. Semeni mlipimwa nini, na nani, na dawa gani mnaendelea nayo. Na ukimsikia mtu anakwambia uache vidonge kwa neno lake, awe mkandaji, muuza juisi za tiba au jirani mwenye furaha kama mimi, mwulize: daftari lako liko wapi?

Presha haina kelele. Anayesema hajisikii vibaya hajasema kitu mpaka apimwe. Mficha maradhi kifo humwumbua, nasi tunaosimulia uponyaji wetu kwa nusu tunamsaidia kuyaficha.

Tukijaaliwa, tuonane wiki ijayo. Kwaherini.