Reli Ilivyodhoofika na Kufufuka: Funzo kwa Vyama vya Msingi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Gharama ya kusafirisha zao hukatwa kabla mkulima hajahesabiwa malipo yake. Kwa hiyo habari za reli si za watu wa reli peke yao. Ni habari za mfuko wa mwanachama.

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi 1911 na Arusha 1929. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam 1905, ikafika Kigoma 1914. Tawi la Mwanza likakamilika 1928. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mruazi kiliziunganisha njia hizo mbili. Juu yake zilipita pamba ya Usukuma, mkonge wa Tanga na kahawa ya Kilimanjaro.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, karakana kuu ya shirika la pamoja ilibaki Nairobi. Shirika jipya la Tanzania lilianza kazi wakati fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa haba. Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia, tena kimyakimya. Mataruma yakichakaa, treni hupunguza mwendo. Treni ikichelewa, mwenye shehena huhamia kwenye lori. Shehena ikipungua, mapato hupungua, na fedha ya kubadilisha mataruma hukosekana. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria ya Moshi ilikoma.

Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya ubia, mbia kutoka India akiwa na hisa asilimia 51. Ubia huo haukudumu. Mwaka 2011 Serikali ilizirudisha hisa hizo mikononi mwake. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2009, mafuriko yaliikata njia sehemu za Kilosa na Gulwe, huduma zikasimama kwa miezi.

Ufufuo ulikuja kwa hatua. Sheria ya mwaka 2017 iliunganisha tena umiliki wa njia na uendeshaji wa treni chini ya shirika moja. Mwaka 2019 treni zilirudi Moshi, na 2020 Arusha. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwenye njia mpya iliyo pana zaidi.

Ndugu wanachama, kufufua njia si kufufua shehena. Behewa haliji kuchukua magunia kumi ya chama kimoja. Vyama jirani vikikubaliana siku moja ya kukusanya, ghala moja na hati moja ya mzigo, ndipo chama kikuu kinapopata nguvu ya kujadiliana nauli.

Funzo la pili liko ndani ya vitabu vya chama. Ghala, mzani na lori huchakaa kila mwaka kama reli ilivyochakaa. Katibu asiyetenga fungu la uchakavu huonyesha ziada ambayo haipo, na mkutano mkuu huigawana kwa furaha. Kisha paa huvuja, zao huloa, na daraja lake hushuka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi kila halmashauri, kabla ya msimu kufunguliwa, ijiulize mambo mawili: fungu la matengenezo limetengwa kiasi gani, na mzigo utaunganishwa na wa nani? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano na kusomwa mbele ya wanachama.